Kuchonga PCB (bodi ya saketi) kwa CNC 3018: kabla hujanunua programu, pima mwinuko wa kibao chako

Swali lenyewe nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, bodi zake za kuongoza joto nilikuwa nazifanya kwa tona na pasi halafu naloweka kwenye feriki kloraidi. Nimenunua CNC 3018, ile mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ili niachane na hiyo dawa. Mpaka sasa nimeharibu vibao vinne, upande wa kushoto njia za shaba zimeliwa zimebaki kama uzi na zingine hazipo kabisa, upande wa kulia biti ya kuchongea inapita hewani haigusi hata shaba. Biti ni ya V nyuzi 60, ncha 0.1. Njia zangu nimechora milimita 0.4, kina nimeweka 0.1 na upana wa biti nimeandika 0.1. Kuna jamaa kaniambia programu za bure ndo zilivyo, ninunue ya kulipia. Ni kweli? Na wewe unatumia programu gani toka mwanzo mpaka mwisho?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa vibao. Nashukuru umeandika namba zote, maana wengi wanatuma picha tu ya bodi iliyoharibika halafu wanauliza shida nini, na bila namba mtu anabaki kubahatisha. Wewe kwenye hizo namba ugonjwa unaonekana wenyewe kabla hata sijaona picha.

Jibu la haraka: hapana, usinunue kitu. Ukichukua ile ya kulipia ukaweka namba hizohizo kwenye kibao hichohicho utapata bodi ileile iliyoharibika, tofauti itakuwa hela tu imetoka mfukoni. Tatizo lako lina vyanzo viwili, kibao hakijanyooka na upana wa biti umeuandika vibaya, na vyote viwili vinatibika kwa programu za bure kabisa.

Ngoja nikupigie hesabu ya bodi yako uone. Biti ya V si kama drili, upana wake unategemea imezama kiasi gani. Unachukua upana wa ncha, unajumlisha kina mara mbili ukizidisha na tanjenti ya nusu ya pembe. Biti yako ni nyuzi 60, nusu yake 30, tanjenti ya 30 ni 0.577. Kwa hiyo ukizama 0.1 kamili, mfereji unakuwa 0.1 + 2 × 0.1 × 0.577, yaani kama 0.215. Wewe umeiambia programu biti ina upana wa 0.1. Programu ikakuamini, ikapitisha kati ya biti milimita 0.05 tu kutoka ukingo wa njia, kumbe biti yenyewe inakula 0.108 kila upande. Hapo kwenye kibao kilichonyooka kabisa kama kioo, njia yako ya 0.4 imeshashuka mpaka 0.28. Hujafanya kosa lolote lingine bado.

Sasa weka na mwinuko. Vibao vya shaba tunavyonunua vinakuja vimepinda, alafu ule ubao unaolaliwa na kibao kwenye 3018 nao haujanyooka, alafu meza yenyewe ya alumini haiko sawa na reli. Kwenye kibao cha sentimita 10 kupishana 0.2 kwenda juu upande mmoja na 0.2 kwenda chini upande mwingine ni kitu cha kawaida sana. Tuseme zero ya Z, yaani ule usawa ambao mashine inauhesabu kama sifuri ya kina, uliichukulia katikati. Kushoto kibao kiko juu 0.2, kwa hiyo biti haizami 0.1 tena, inazama 0.3. Rudi kwenye hesabu: 0.1 + 2 × 0.3 × 0.577 inakuja karibu 0.446. Nusu yake 0.223, toa ile 0.05 uliyoiambia programu, inabaki 0.173 inayoliwa kwenye njia kila upande, pande mbili ni 0.346. Njia ya 0.4 ukitoa 0.346 inabaki 0.05. Huo ndo uzi unaouona kushoto! Na ukipinda kidogo zaidi ya hapo uzi nao unaondoka. Kulia kibao kiko chini 0.2 na biti inashuka 0.1 tu, kwa hiyo inaelea hewani 0.1 juu ya shaba. Haigusi, na haitagusa hata ungekuwa na programu ya dola elfu moja.

Shaba yenyewe ni nyembamba mno ndugu yangu, kibao cha kawaida shaba yake ni maikroni 35, yaani 0.035. Tunakuna karatasi ya chuma juu ya kitu kilichopinda mara kumi ya unene wa hiyo karatasi. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Haya sasa programu. Watu wanauliza "programu ya kuchonga PCB" kama vile ni moja, kumbe ni mnyororo wa hatua tatu: ya kwanza unachorea bodi, ya pili inageuza mchoro kuwa mwendo wa biti, yaani jikodi, ya tatu inakaa inaongea na mashine inaipelekea ile jikodi mstari kwa mstari. Ndani ya mashine yenyewe kuna ya nne, GRBL, inayosoma jikodi na kuendesha mota, hiyo imeshawekwa kwenye ile bodi ya 3018 na huhitaji kuigusa zaidi ya seti chache. GRBL ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud na ni ya bure mpaka leo, hata hao wachina wanaotuuzia mashine hawajailipia.

Kuchora natumia KiCad. Ilianzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992, na toka 2013 CERN, wale wa maabara ya fizikia kule Geneva, wameisaidia kuikuza, kwa hiyo usiione ya bure ukadhani ni ya watoto. Kama ulijifunzia Eagle, programu nyingine ya kuchora bodi, najua inauma kuhama ila hamia tu, Autodesk, wenye Eagle, walishatangaza kwamba Eagle mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026, usijenge kazi yako juu ya kitu kinachoondoka.

Kwenye KiCad cha muhimu ni uchore ukijua unaenda kuchonga, usichore kama mtu anayetuma kiwanda. Weka shaba yote leya ya chini, B.Cu, vifaa vikae juu. Njia za kawaida mimi naweka 0.8, za kupitisha umeme mwingi 1.5 au zaidi, nafasi kati ya kitu na kitu 0.4. Hiyo 0.4 yako iache kwa siku ambayo mkono umeshazoea. Pedi (vile vipande vya shaba vya kulehemia miguu) za IC zile za miguu ya 2.54 zipanue ziwe kama 1.8, bado katikati inabaki 0.74 ambayo inatosha kabisa biti kupita, na siku ya kulehemu utanishukuru maana pedi ndogo ikipata joto kidogo inabanduka. Ingiza hizo namba kwenye sheria za bodi kabisa ili KiCad yenyewe ikupigie kelele ukikosea, usitegemee macho. Na ikikushinda kupitisha njia moja usianze kuhangaika na bodi ya pande mbili, weka waya wa kuruka juu, hata bodi za redio za zamani zilikuwa hivyohivyo na zinafanya kazi mpaka leo.

Ukimaliza kuchora seti sehemu ya kuanzia faili, ile alama ya drili, kwenye kona ya chini kushoto ya bodi. Toa Gerber (faili za mchoro wa leya) mbili tu, B.Cu na Edge.Cuts yenye ukingo wa bodi, na faili moja ya matundu ya Excellon, zote kwa milimita, na zote uziambie zitumie hiyo alama kama mwanzo. Watu wengi wanaweka tiki kwenye Gerber wanasahau kwenye matundu, matokeo yake njia ziko hapa matundu yako kule. Namba za matundu ziweke za desimali, kuna ule mtindo wa kuficha sifuri ambao programu ya pili ikiusoma vibaya matundu yanatawanyika mara kumi ya bodi. Ukiona hivyo usiogope, bodi haijafa, ni sifuri tu.

Hatua ya pili ndo hapo maneno ni mengi. Mimi nakushauri FlatCAM. Aliianzisha Juan Pablo Caro mwaka 2014, baadaye Marius Stanciu akaiendeleza sana kwenye matoleo ya beta, na hayo ya beta ndo ninayotumia, yale ya 8.99. Ina vitufe vingi mpaka inatisha mara ya kwanza, ila wewe utatumia vitano tu. Unafungua Gerber zako na Excellon, unaona bodi yako kwenye kioo, unaanza kazi.

Kwanza kabisa igeuze. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila siku: shaba iko chini, wewe ukilaza kibao unachonga shaba ikiwa juu, kwa hiyo picha lazima igeuzwe kama kioo. Kuna kifaa cha bodi ya pande mbili ndani ya FlatCAM, kitumie hata kama bodi yako ni ya upande mmoja, geuza B.Cu, matundu na ukingo, vyote vitatu kwa kipimo kilekile cha Edge.Cuts ili vibaki pamoja. Na kuna njia rahisi ya kujihakikishia: kule KiCad andika jina lako kwenye leya ya B.Cu. KiCad yenyewe inaliandika kinyumenyume. Ukishageuza kwenye FlatCAM jina linatakiwa lisomeke vizuri. Likisomeka, chonga. Likiwa kinyume, simama hapohapo. Niliwahi kuchonga bodi nzuri mno, njia zimetoka safi, nimelehemu soketi zote, ndo nikagundua mguu wa 1 wa IC uko upande usio wake. Bodi nzima. Toka siku hiyo sichongi bodi isiyo na jina.

Alafu sasa kutenga njia. Ukichagua umbo la biti kuwa V, FlatCAM inakuuliza ncha na pembe, na ukiipa kina inapiga yenyewe ile hesabu niliyokuonyesha juu, kwa hiyo huandiki 0.1 ya kubuni. Kina weka 0.08 au 0.1. Mizunguko weka miwili au mitatu, ikipandiana kidogo, ili mfereji uwe mpana, maana mfereji mmoja wa 0.2 ukilehemu risasi inaruka upande wa pili kwa urahisi sana. Kusafiri hewani milimita 2. Mwendo wa kuchonga nenda 150 kwa dakika, kushuka 50. 3018 ni mashine laini, ukiikimbiza inatetemeka na ukingo wa njia unakuwa na manyoya.

Na badilisha biti hiyo jamani. Tafuta ya nyuzi 30 au 20. Kwa ya 30 hata kibao kikikudanganya ukazama 0.3 mfereji unaishia 0.26 badala ya 0.446. Haitibu mwinuko ila inakusamehe makosa. Ubaya wake ncha inavunjika ukiigonga, ununue kadhaa kwa pamoja.

Kwenye kutoa jikodi chagua mtindo wa GRBL_11_no_M6. Sababu ni kwamba GRBL haijui amri ya M6 ya kubadilisha biti, ukiipelekea inajibu error:20 na watu wanadhani mashine imeharibika. Na angalia kasi ya spindo, ile mota inayozungusha biti: andika $$ kwenye programu ya kuendesha mashine uone $30, yaani kasi ya juu ya spindo, ina namba gani. Kama $30 ni 10000 na wewe kwenye FlatCAM umeandika S1000, spindo itazunguka kwa sehemu ya kumi ya nguvu zake, inavuta shaba badala ya kuikata, biti inavunjika na wewe unalaumu biti. Andika S sawa na hiyo $30, mota ya 3018 haina kasi ya kuringia, iache iende yote.

Tengeneza faili tofauti: moja ya njia, moja ya matundu kwa kila saizi ya drili, na ya mwisho ya kukata ukingo. Matundu ya rezista na IC 0.8 yanatosha, pini hedi na tamino 1.0 kwenda juu, na yale matundu makubwa ya skrubu ya 3.2 usitafute drili, FlatCAM inaweza kuyachonga kwa kuzungusha endmili (biti iliyonyooka ya kukatia) ya 0.8 au 1. Ukingo unakatwa mwisho wa yote, unashuka 0.5 kwa kila mzunguko mpaka 1.8 kwa kibao cha 1.6, na uache vipande vinne vya kushikilia visikatwe, la sivyo bodi ikiachia inarukia biti.

Kuna pcb2gcode pia. Hiyo haina vitufe, unaandika amri au unaweka namba zako kwenye faili inayoitwa millproject, ukiendesha inatoa kila kitu kwa mkupuo. Naipenda kwa bodi ninayorudia mara nyingi, kama wewe utakuwa unachonga bodi ileile ya mashine ya vifaranga kila wiki basi baadaye ijaribu, kwa sababu namba zinakaa palepale huwezi kusahau kugeuza. Kumbuka tu kuiwekea nog81, GRBL haijui ile amri ya kudrili ya G81. Na ina mtindo wa Voronoi ambapo badala ya kuzunguka kila njia inagawa shaba yote katikati, unapata bodi haraka sana, njia zinakuwa nene kama mashamba yaliyopakana. Kwa volti 5 ni nzuri. Kwa bodi yako HAPANA, nitakwambia kwa nini chini.

Hatua ya tatu ndo dawa ya ugonjwa wako. Programu ya kuendesha mashine: Candle, ile iliyokuja kwenye CD au flashi ya 3018. Wengi wanaidharau kwa sababu imekuja na mashine, mimi naiheshimu kwa sababu ina ramani ya mwinuko. Ukitaka zingine, bCNC inafanya hivyohivyo na inaenda vizuri kwenye Linux. Anza na Candle.

Iko hivi. Kwenye bodi ya mashine kuna pini mbili za probu, zimeandikwa Probe au A5. Chomeka waya mbili zenye klipu za meno mwishoni. Moja unabana kwenye biti, nyingine kwenye shaba ya kibao. Biti ikigusa shaba umeme unakamilika na mashine inajua "hapa ndo juu". Inagusa sehemu moja, inapanda, inasogea, inagusa nyingine, mpaka imepima kibao kizima, alafu wakati wa kuchonga Z inapanda na kushuka kufuata kibao kilivyopinda. Kibao kinabaki kimepinda, ila kina chako cha 0.08 kinakuwa 0.08 kila mahali.

Kabla ya kuiamini ijaribu hivi: pandisha biti juu kabisa, bonyeza kitufe cha Z-probe, na biti ikiwa bado inashuka hewani gusanisha zile klipu mbili kwa mkono wako. Ikisimama palepale, waya ni wazima. Isiposimama, zima haraka, kwa sababu itaenda kugonga kibao ikivunja ncha. Fanya hivi kila unapoanza kazi, kila siku, hata kama jana ilikuwa nzima, hizi klipu zinashika kutu na kuachia bila taarifa. Na shaba isugue kidogo na stilwaya kwanza, kama ina mafuta ya vidole au kutu probu inachelewa kuhisi.

Baada ya hapo peleka biti kona ya bodi, seti zero ya X na Y, gusa kwa probu, seti zero ya Z. Fungua faili ya njia. Nenda kwenye ramani, mwambie Candle achukue mipaka ya faili mwenyewe, na weka pointi kila milimita 10 hivi. Bodi ya 80 kwa 60 ni pointi 9 kwa 7, jumla 63, utaisubiri dakika kadhaa. Usifanye haraka ukaweka pointi 4 za kona, kibao kimepinda katikati kama bakuli na kona hazitakuonyesha. Ikimaliza utaona picha ya rangi ya kibao chako, mara ya kwanza utashangaa kilivyopinda. Toka kwenye kuhariri, weka tiki ya kutumia ramani, TOA KLIPU kwenye biti kabla ya kuwasha spindo (hii nasisitiza, waya ukijiviringa kwenye spindo unavuta kila kitu), ndo uanze.

Ukibadilisha biti kwenda drili, X na Y usiziguse. Z ipime upya kwa probu, ila urudi kwenye sehemu ileile ya kona uliyoanzia, kwa sababu ramani yote imepimwa kutokea hapo. Ukipima sehemu nyingine umehamisha bodi nzima juu au chini.

Umeme. Najua huko kwako unakatika, na 3018 nyingi hazina swichi za mwisho wa reli, umeme ukirudi mashine haijui iko wapi. Mimi kabla ya kuanza natoboa tundu dogo la drili kwenye X0 Y0, palepale kwenye kona. Umeme ukikatika narudisha ncha ya biti kwenye lile tundu kwa mkono, naangalia kwa lenzi mpaka iingie, naseti zero, nagusa Z, nairudia faili. Laptopu nayo izuie isilale, ikilala katikati ya kazi USB inakufa na bodi imeenda.

Sasa hili la bodi yako, na ndo sehemu ninayoijali kuliko zote. Mashine ya vifaranga ina rilei inayowasha hita au balbu kwa umeme wa 230, na kwenye bodi ileile kuna kidhibiti na kihisi joto cha volti 5 ambacho mtu anakishika kwa mkono. Ulipokuwa unatumia feriki kloraidi shaba yote isiyohitajika ilikuwa inaliwa, unabaki na nafasi kubwa bila hata kufikiri. Kuchonga si hivyo. FlatCAM inakata mfereji tu kuzunguka njia, shaba nyingine yote inabaki imekaa kama visiwa. Kati ya njia ya 230 na kisiwa kuna 0.2, kati ya kisiwa na upande wa volti 5 kuna 0.2 nyingine. Vumbi la kuku, unyevu wa mashine ya vifaranga, ambayo lazima iwe na maji ndani, na umeme unapata daraja. Mtu anakufa hapo, au banda linaungua.

Kwa hiyo upande wa 230 futa shaba yote. FlatCAM ina kifaa cha kufuta shaba isiyotakiwa, chora eneo la rilei na tamino za umeme, ifute kwa endmili ya 0.8, hata kama itachukua nusu saa. Kati ya upande wa 230 na upande wa volti 5 acha milimita 6 au zaidi bila shaba yoyote, na chini ya rilei mimi nakata kabisa mfereji unaopita kibao mpaka upande wa pili, kwenye KiCad unauchora tu kwenye Edge.Cuts. Ndo maana nimekwambia ule mtindo wa Voronoi kwenye bodi hii hapana. Ukimaliza chukua mita ya umeme, pima kati ya 230 na kila kitu kingine, alafu paka vanishi upande wa shaba.

Vumbi pia. Vibao vya kijani au njano vinavyong'aa vya FR4 ndani ni nyuzi za kioo, ukivichonga zinaruka unga mweupe unaoingia kwenye mapafu na hautoki. Barakoa nzuri na vakyumu karibu na biti, usipulize kwa mdomo, na usichonge chumba wanacholala watoto. Ukipata FR1, ile ya karatasi na rezini ya kahawia, ichukue, haina nyuzi za kioo na biti inadumu zaidi, hata wale wa Fab Lab, zile karakana za ubunifu, ndo wanayoitumia kwenye mashine zao ndogo.

Kwa leo usianze na bodi ya vifaranga. Kata kipande cha sentimita 3 kwa 3 kutoka kwenye vile vibao vinne vilivyoharibika, chora njia tano za 0.8 na jina lako, kilaze kwa selotepu ya pande mbili iliyofunika chini yote bila mapovu, pima ramani, chonga kwa 0.08. Chukua mita pima kila njia na jirani yake, zisilie. Alafu pima upana wa mfereji kwa venia au piga picha karibu ukiwa umeweka rula pembeni, ulinganishe na ile hesabu ya tanjenti. Ukikuta mfereji ni mpana kuliko hesabu, ncha yako si 0.1 kama ilivyoandikwa kwenye boksi, hizi biti za bei rahisi mara nyingi ni 0.15 au 0.2, kwa hiyo ingiza kwenye FlatCAM ile uliyoipima wewe. Nitumie picha hiyo pamoja na ile ya ramani yenye rangi, nikiona mwinuko wako nitakwambia kama kuna haja ya kuusawazisha ubao wa chini kwa mashine yenyewe au ramani inatosha.